Tafuta Kosa Lilipo Kabla ya Kumlaumu Mtu: Kupima Intaneti ya Nyumbani kwa Amri Nne



Ndugu msomaji, likizo ikifika wengi wetu hurudi nyumbani na kazi za chuo mkobani. Chuoni mtandao ukikatika, wapo wahusika wa kitengo cha kompyuta. Nyumbani, iwe Muhokya, Kasese mjini au Bwera, mhusika ni wewe. Hata kama unasomea Sharia au Kiarabu, jamaa wakikuona na laptopu watakuita tu: "Msomi, hebu njoo utazame, intaneti imegoma."

Somo hili linakusaidia kujibu swali moja: kosa liko wapi? Ukijua lilipo, nusu ya kazi imekwisha. Usipojua, utanunua bando jingine ilhali la kwanza bado lipo, au utamlipa fundi abadilishe ruta nzima. Baya kuliko yote, utamtuhumu mtu asiyehusika.

Mimi ninasoma masomo ya Kiislamu, si kompyuta, na ninakuhakikishia kwamba amri hizi hazihitaji digrii. Zinahitaji utaratibu. Katika kanuni za fiqhi tunafundishwa kwamba shaka haiwezi kuiondoa yakini. Tutafanya hivyo hivyo hapa. Tutaanza na kilicho karibu, tukihakikishe, kisha tusogee hatua moja. Pale yakini inapoishia ndipo kosa lilipo.

IJUE NJIA KWANZA

Unapofungua tovuti ukiwa Muhokya, ombi lako hupita vituo kadhaa. Hutoka kwenye laptopu na kufika kwenye ruta iliyopo sebuleni. Ruta nyingi za majumbani kwetu hutumia laini ya simu, kwa hiyo ombi huruka hadi kwenye mnara ulio karibu, kisha huingia katika mitambo ya kampuni ya simu. Likiwa linakwenda kwa seva iliyo ndani ya nchi, linaweza kupita kwenye kituo cha kubadilishana data cha UIXP kilichopo Kampala tangu 2001. Likiwa linakwenda ng'ambo, njia ni ndefu zaidi. Uganda haina pwani, kwa hiyo ombi huvuka Kenya hadi Mombasa au Tanzania hadi Dar es Salaam, ambako kebo za baharini hutua. SEACOM ilianza kazi 2009 na EASSy ikafuata 2010.

Fikiria safari ya kutoka Muhokya kwenda Bwera. Unashika barabara ya kusini mpaka njia panda ya Kikorongo, karibu na alama ya ikweta, kisha unakata kulia. Mgeni wako akichelewa, hupigi simu kuuliza kama gari ni bovu. Unauliza, "Mmeshapita Kikorongo?" Jibu la swali hilo moja linakuondolea nusu ya barabara. Amri tutakazojifunza ni maswali ya namna hiyo.

MAMBO MANNE YA KUTAZAMA KABLA YA AMRI

Kwanza, umeme. Ruta ina taa? Umeme ukikatika na kurudi, ruta huchukua dakika chache kabla ya kuushika mnara. Subiri kwanza.

Pili, bando. Hakikisha kwa simu au kwenye ukurasa wa ruta kwamba bando halijaisha wala muda wake haujapita.

Tatu, jina la Wi-Fi. Laptopu hupenda kujiunga na mtandao iliowahi kuujua. Huenda imejiunga na simu ya mtu aliyewasha hotspoti chumba cha pili, na wewe unadhani uko kwenye ruta.

Nne, saa na tarehe. Laptopu ya zamani ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, ikizimika, inaweza kurudi mwaka wa nyuma kabisa. Tovuti zinazoanza na https hupima vyeti vyake vya usalama kwa tarehe, hivyo kivinjari kitakataa kuzifungua ingawa intaneti ni nzima. Sahihisha tarehe, kisha jaribu tena.

KUFUNGUA DIRISHA LA AMRI

Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka. Kwenye Linux na Mac, fungua programu iitwayo Terminal. Usiliogope dirisha hilo. Amri za somo hili karibu zote zinauliza tu, hazibadilishi kitu. Zile chache zinazobadilisha nitazitaja zikifika.

HATUA YA 1: JE, KIFAA CHANGU KIMEPATA ANWANI?

Andika:

ipconfig

Kwenye Linux andika ip addr, kisha ip route. Tafuta sehemu ya Wi-Fi, na ndani yake tazama mistari miwili. Wa kwanza ni IPv4 Address, ambao ni anwani ya laptopu yako ndani ya nyumba. Wa pili ni Default Gateway, ambao ni anwani ya ruta, yaani mlango ambao kila kitu hutokea. Kwa mfano, laptopu inaweza kuwa 192.168.8.102 na ruta 192.168.8.1. Ziandike kwenye daftari.

Anwani zinazoanza na 192.168, au na 10, ni za ndani. Nyumba maelfu duniani hutumia namba hizo hizo bila kugongana, kama vile kila mji unavyoweza kuwa na mtaa uitwao Msikitini.

Ukiona anwani inayoanza na 169.254, jua kwamba laptopu iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo hujafika hata mlangoni, na hakuna haja ya kuilaumu kampuni ya simu. Zima Wi-Fi na uiwashe tena. Ikishindikana, tumia amri mbili zinazobadilisha kitu, yaani kurudisha anwani na kuomba mpya:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Bado? Zima ruta, hesabu hadi 30, iwashe.

HATUA YA 2: JE, NINAIFIKIA RUTA?

Sasa tunatumia ping. Amri hii iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, akaiita kwa mlio wa chombo cha manowari kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Ndivyo inavyofanya kazi: inatuma pakiti ndogo, inangoja jibu, inapima muda. Ni kama kupiga hodi na kuhesabu mpaka uitikiwe.

ping 192.168.8.1

Weka namba ya ruta yako mwenyewe. Windows itapiga hodi mara nne. Kwenye Linux itaendelea mpaka uizuie kwa Ctrl na C. Kwenye Windows, jibu huanza na Reply from, na mbele yake kuna time, yaani muda kwa milisekunde. Kwa ruta iliyo chumba kimoja nawe, tarajia namba ndogo, mara nyingi chini ya 10.

Ukiona Request timed out, hodi haikuitikiwa. Ukiona Destination host unreachable, kifaa hakikupata njia ya kufika. Zikirudi tatu kati ya nne, au muda ukirukaruka kutoka 3 hadi 400, shida yako ni Wi-Fi yenyewe. Labda uko mbali, au kati yenu kuna kuta nene za matofali. Sogea karibu na ruta, upime tena. Ikitulia, umepata jibu bila kutoa shilingi.

HATUA YA 3: JE, RUTA INAFIKA NJE?

Andika:

ping 8.8.8.8

Hiyo ni anwani ya seva za majina za Google zilizofunguliwa kwa umma Desemba 2009. Si mashine moja. Namba hiyo hiyo ipo sehemu nyingi duniani, na ombi lako hupelekwa kwa iliyo karibu kimtandao. Usitegemee namba moja tu, maana baadhi ya seva huwa zimewekwa zisijibu hodi. Jaribu pia 1.1.1.1.

Ruta ikijibu vizuri na namba zote mbili za nje zikanyamaza, kosa limevuka mlango wa nyumba. Huenda ni bando, laini, mnara au kampuni. Kwa wenzangu wa Bwera na Mpondwe kuna la ziada: mpakani ruta inaweza kunasa mnara wa upande wa Kongo badala ya wetu. Tazama kwenye ukurasa wa ruta ni kampuni gani imeishika.

Namba za nje zikijibu kwa kuyumba, piga hodi nyingi zaidi:

ping -n 50 8.8.8.8

Kwenye Linux andika -c mahali pa -n. Usihofie bando. Pakiti moja ya ping ya Windows hubeba baiti 32, na pamoja na vichwa vyake ni 60. Hodi 50 kwenda na kurudi ni kama baiti 6,000, ambazo hazifiki hata picha moja ndogo ya WhatsApp.

Mwishoni utaona asilimia ya zilizopotea, na muda mdogo, mkubwa na wa wastani. Ikiwa ruta inajibu kwa milisekunde 3 lakini nje inaruka kutoka 60 hadi 900, huenda kuna mtu au kifaa kinachovuta data nyingi. Hapa tu ndipo swali la "nani anatumia?" lina mahali pake, na lina kipimo cha haki. Waombe watu wote wa nyumbani wazime Wi-Fi kwa dakika mbili, nawe mwenyewe funga kila kitu isipokuwa dirisha la amri. Pima tena. Ikitulia, mzigo ulikuwa ndani ya nyumba, na mara nyingi utakuta ni simu inayopandisha picha zenyewe au Windows inayojisasisha. Isipotulia, hakuna mtu wa nyumbani wa kulaumiwa.

HATUA YA 4: JE, MAJINA YANATAMBULIWA?

Hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kompyuta hutafutana kwa namba, binadamu tunakumbuka majina. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa DNS, ambao kazi yake ni kugeuza jina kuwa namba. Ni kama mzee wa mtaa. Unamtajia jina la mwenye nyumba, anakuonyesha nyumba. Mzee huyo akiwa hayupo, nyumba zote zipo na barabara ni nzima, lakini mgeni hafiki.

Dalili yake ni hii: ping 8.8.8.8 inajibu, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Hakikisha kwa amri hii:

nslookup google.com

Mstari wa juu utakuonyesha seva ya majina unayoitumia. Chini utaona anwani za google.com. Ukiona timed out, seva hiyo haijibu. Sasa uliza swali lile lile kwa seva nyingine:

nslookup google.com 8.8.8.8

Ya pili ikijibu na ya kwanza ikanyamaza, umeliona kosa.

Nina mfano wa kweli wa nyumbani kwetu Muhokya. Mjomba ana ruta ya laini, na kwa hiari yake alimpa neno la siri kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari, ili ajisomee. Jioni moja dada yangu alitakiwa kuwasilisha kazi ya chuo kabla ya saa sita usiku. Laptopu yake ikasema imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Kabla ya swala ya Isha nyumba nzima ilikuwa imeshahukumu: kijana wa jirani ndiye anayeimaliza intaneti. Mjomba alishamwita baba yake mlangoni na kumwambia kwa sauti nzito kwamba hisani ina mipaka, na alikuwa anatafuta namna ya kubadilisha neno la siri.

Nikamwambia, "Mjomba, tupe dakika tano. Mtoto wa watu tusimtaje tena mpaka tupime." Kwenye laptopu ya dada, ruta ilijibu kwa milisekunde 3. Namba 8.8.8.8 ikajibu zote nne, bila kuyumba. Hapo tuhuma ilikuwa imeshaanguka. Kama kijana angekuwa anamaliza bando, 8.8.8.8 isingejibu. Kama angekuwa anavuta data nyingi, muda ungepanda. Nikaandika nslookup. Ikatafuta seva ya majina yenye anwani inayoanza na 10, ikangoja, ikakata tamaa. Nikamuuliza dada namba hiyo aliitoa wapi. Akakumbuka kwamba hosteli aliyokuwa akiishi, mtu aliiandika kwa mkono kwenye laptopu yake ili mtandao wa pale ufanye kazi. Ilikuwa seva ya ndani ya hosteli ile. Huku Muhokya haipo, na laptopu iliendelea kumuuliza mzee wa mtaa mwingine.

Dawa ilichukua dakika moja. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows kuna mahali palipoandikwa DNS server assignment. Palikuwa Manual, nikaparudisha kwenye Automatic, ili laptopu iipokee seva kutoka kwa ruta. Kisha nikafuta majina yaliyohifadhiwa:

ipconfig /flushdns

Kazi ya dada ikaenda kabla ya saa tano. Mjomba alivaa kofia yake, akatoka na tochi kwenda kwa jirani kuomba radhi. Alikaa huko muda mrefu kuliko tulivyotarajia, akarudi na ndizi.

Suratul Hujurat inatuamuru tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, tukajuta. Amri nne hizi ni namna mojawapo ya kuchunguza.

HATUA YA 5: KOSA LIKO KITUO GANI?

Ukishajua kwamba kosa ni la nje, unaweza kuitazama njia yenyewe:

tracert -d 8.8.8.8

Kwenye Linux na Mac amri ni traceroute -n 8.8.8.8. Itakuletea orodha ya vituo, wa kwanza ruta yako, wa pili na wa tatu kwa kawaida ni mitambo ya kampuni, na kuendelea hadi mwisho. Mbele ya kila kituo kuna vipimo vitatu vya muda.

Sisi wanafunzi wa hadithi tunaijua orodha ya namna hii. Ni isnadi: fulani kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani. Namna inavyopatikana ni ya werevu. Kila pakiti hubeba namba iitwayo TTL, ambayo hupungua moja kila inapopita kituo. Ikifika sifuri, kituo kilichopo huitupa pakiti na kumjulisha aliyeituma. Basi tracert hutuma pakiti yenye TTL 1, na kituo cha kwanza kinajitaja. Kisha TTL 2, cha pili kinajitaja. Inaendelea hivyo, hadi vituo 30.

Lakini hapa isnadi ya mtandao inatofautiana na ya hadithi. Katika hadithi, mpokezi akikosekana katikati, sanadi imekatika na hadithi inadhoofika. Katika tracert, ukiona nyota tatu kwenye kituo cha nne, lakini cha tano na cha sita vikajibu, njia haijakatika. Kituo cha nne kimepangwa tu kisijitaje, ila pakiti zinapita. Wengi hukosea hapa na kupiga simu kulalamika bure. Dalili ya kukatika ni nyota zinazoanzia mahali na kuendelea mpaka mwisho, ilhali ping ya mwisho wa safari nayo haijibu.

Tazama pia pale muda unapopanda na kubaki juu. Mwanga ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 za njia, kwenda na kurudi, hudai milisekunde 10 angalau. Seva iliyoko Ulaya haiwezi kukujibu kwa milisekunde 5, hata ruta yako iwe mpya namna gani. Ruko kubwa kutoka kituo kimoja hadi kingine mara nyingi humaanisha data imevuka bahari, na hilo si kosa.

KOSA LIKIWA KUBWA KULIKO NYUMBA YAKO

Kuna siku utapima kila kitu na nyumba yako haina hatia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikapungua kasi au kupotea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo. Siku kama hiyo ruta inajibu, vituo vya kwanza vinajibu, na matatizo yanaanzia njia ya ng'ambo.

Tena jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima, ikarudishwa 18 Januari. Katika hali hiyo, kampuni zote hunyamaza kwa pamoja. Kipimo ni rahisi: chukua simu yenye laini ya kampuni nyingine, zima Wi-Fi yake, jaribu. Kampuni moja ikifanya kazi na nyingine haifanyi, kosa ni la kampuni. Zote zikinyamaza, tulia, hakuna cha kutengeneza sebuleni.

Facebook nayo ilifungwa nchini Januari mwaka huo huo. Kwa hiyo, tovuti moja ikikataa na nyingine zote zikafunguka, usianze kufungua ruta. Huenda tovuti hiyo imezuiwa, au seva yake imeanguka.

Na kuna jambo linalofuatana na hilo. Tangu kodi ya OTT ya shilingi 200 kwa siku ilipoanza 1 Julai 2018, wengi tulizoea kutumia VPN, na wapo ambao hawajaizima hadi leo. VPN huipeleka data yako nchi nyingine kwanza. Ukiona ping ya kila mahali ni kubwa, hata kwa tovuti za Kampala, angalia kama VPN imewashwa. Izime, upime tena, ndipo useme mtandao ni wa polepole.

MUHTASARI WA KUBANDIKA UKUTANI

Anwani inaanza na 169.254: hujapata anwani kwa ruta. Washa upya Wi-Fi, kisha ruta.

Ruta haijibu au inayumba: kosa ni Wi-Fi ya ndani. Sogea, pima tena.

Ruta inajibu, 8.8.8.8 na 1.1.1.1 hazijibu: tazama bando, laini, mnara. Jaribu kampuni nyingine.

Namba zinajibu, majina hayajibu: kosa ni DNS. Tumia nslookup, rudisha mipangilio iwe ya Automatic.

Nje inajibu kwa kuyumba: zimeni vifaa vyote dakika mbili, pima tena.

Tovuti moja tu inakataa: kosa haliko kwako.

UKIIPIGIA SIMU KAMPUNI

Usiseme, "Intaneti yenu mbovu." Utaambiwa uzime ruta na kuiwasha, na mazungumzo yataishia hapo. Sema hivi: "Niko Muhokya. Tangu saa mbili asubuhi ruta yangu inajibu kwa milisekunde 3, lakini 8.8.8.8 na 1.1.1.1 zimepoteza pakiti 40 kati ya 50. Bando lipo. Laini ya kampuni nyingine inafanya kazi hapa hapa." Mhudumu hana tena cha kukurudishia, itabidi ampe fundi wao taarifa hiyo. Piga picha ya skrini, na uandike tarehe na saa.

AMANA

Ujuzi huu una adabu zake. Usibadilishe mipangilio ya ruta ya mtu bila ruhusa yake, hata kama ni ya mjomba na hata kama unaona imekosewa. Mwonyeshe, akuruhusu, ndipo ubadilishe. Usijiunge na Wi-Fi ya jirani kwa neno la siri ulilolipata kwa mlango wa nyuma, kwani bando ni mali yake kama sukari iliyo kabatini mwake. Na ukimfungulia mtu laptopu yake kutafuta kosa, fungua dirisha la amri tu. Picha na ujumbe wake si sehemu ya uchunguzi.

ZOEZI

Usingoje intaneti igome ndipo ujifunze. Leo, ikiwa nzima, kaa mahali unapokaa siku zote na ufanye vipimo vinne: ipconfig, ping ya ruta, ping -n 50 ya 8.8.8.8, na nslookup ya tovuti ya chuo chako. Rudia asubuhi, jioni na saa nne usiku, uandike namba zote kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Hizo ndizo namba za afya ya mtandao wako. Daktari hawezi kusema una homa kama hajui joto la kawaida la mwili ni kiasi gani, nawe huwezi kusema milisekunde 120 ni nyingi kama hujui jana zilikuwa ngapi. Kisha mfundishe mtu mmoja wa nyumbani kusoma namba hizo, ili siku ukirudi chuoni wasikose wa kuwapimia.

Wabillahi tawfiq.